Msiwaambie Wauguzi Wakae Dodoma Wasubiri

Nkuhungu ina wauguzi wengi wasio na ajira. Asubuhi utawakuta kituoni wakisubiri daladala ya mjini, sare imekunjwa ndani ya mfuko, wanakwenda kujitolea kwenye wodi za hospitali ambazo hazijawaandikia hata barua ya ukurasa mmoja. Wamepanga chumba wawili wawili. Wana vyeti, wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kazi wameisomea na wanaijua. Lakini ikitangazwa nafasi ya mkataba ya miezi sita Kibondo, au ya mwaka mmoja kwenye mradi fulani Chemba, ambako ni mkoa huu huu wetu, hawaombi. Ukiwauliza kwa nini, watakujibu kwamba wameambiwa wasihangaike na mikataba, wasubiri ajira.

Wanaowaambia hivyo ni watu wanaowapenda. Ni baba mdogo aliyeuza mifugo kulipa ada, ni mkufunzi wa chuo, ni dada wa kwaya aliyeajiriwa zamani na sasa ana nyumba yake. Ushauri wao unajulikana mtaa mzima: ajira ni ile yenye cheki namba ya serikali, mkataba ni umanamba, kaa karibu na makao makuu ya nchi, jitolee, uonekane, siku moja jina lako litatoka. Nilikuwa muuguzi tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, nimefanya kazi kwenye wilaya zenye lami na zisizo na lami, na naandika kuupinga ushauri huu wote, mwanzo wake na mwisho wake. Unawamaliza vijana wetu huku ukijiita busara.

Nianze na hilo la kukaa karibu na makao makuu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ipo hapa Dodoma, ndani ya majengo ya Chuo Kikuu, na watu wengi wanaamini kwamba anayelala karibu na mlango huo ataingia mapema. Hakuna mlango wa namna hiyo. Maombi yanatumwa kwa mtandao, majina yanatoka kwa mtandao, na anayeitwa kwenye usaili anaitwa awe Nkuhungu au awe Namanyere. Aliyepanga chumba hapa anachoongeza ni kodi ya pango tu. Najua pia kwamba wapo viongozi waliotamka mara kadhaa kuwa vijana wanaojitolea wafikiriwe kwanza. Sawa, lakini hakuna tamko lililosema wajitolee Dodoma mjini. Na huwezi kuthibitisha kuwa ulijitolea kama hospitali haikukupa barua ya kukupokea, wala ratiba ya zamu yenye jina lako, wala mtu wa kukusainia. Nawajua waliofanya zamu za usiku kwa muda mrefu, walipoomba uthibitisho wakaambiwa kwamba daftari la wanaojitolea halipo.

Kisha kuna jambo ambalo washauri wetu hawalitazami kabisa. Hiyo ajira yenye cheki namba, siku ikija, itakupeleka wapi? Serikali haimpangii muuguzi mpya kituo kwa kuangalia alikopanga chumba. Inampangia Buhigwe, inampangia Nkasi, inampangia kisiwani Ukerewe, na barua inamtaka aripoti ndani ya siku zilizotajwa. Kwa hiyo huyu tunayemkataza asiende Kibondo kwa mkataba, tunamwandaa kwenda Buhigwe kwa ajira ya kudumu, mkoa ule ule wa Kigoma. Tofauti ni kwamba atafika huko baada ya kukaa miaka bila kazi ya kueleweka, mikono imepoa, deni la Bodi ya Mikopo liko pale pale, na hajawahi kulala peke yake kwenye zahanati ambayo daktari wa karibu yuko mwendo wa saa tatu.

Kuhusu mikono kupoa nitasema zaidi, kwa sababu hili ndilo linaloniuma. Uuguzi haukai kwenye cheti. Muuguzi aliyemaliza stashahada akapata mwaka mmoja wa kazi yenye msimamizi, yenye zamu halali na wagonjwa walio chini ya jina lake, anakuwa mtu mwingine. Anajua kumtambua mama anayeelekea kifafa cha mimba kabla hajaanguka. Anajua damu iliyotoka baada ya kuzaa inapokuwa nyingi mno hata kama kitambaa kimeificha. Anayejitolea bila barua hapati mafunzo hayo, hata awepo kila siku. Anatumwa maabara na sampuli, anatandika vitanda, anasukuma machela, na linapotokea la hatari anaambiwa akae pembeni. Wanamweka pembeni kwa haki, maana akikosea hakuna anayejua nani atajibu. Miaka inakwenda, kwenye barua yake ya maombi anaandika uzoefu wa miaka mitatu, na mwenyewe moyoni anajua kwamba hajawahi kuachiwa wodi.

Hofu hii ya mkataba ina historia yake. Kuanzia 2016 ajira za serikali zilibanwa huku uhakiki wa watumishi ukiendelea. Tarehe 28 Aprili 2017, hapa hapa Dodoma, kwenye Chuo Kikuu, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Sekta ya afya ilipoteza watu wengi kwa siku moja. Familia nyingi zilitoka hapo na somo moja, kwamba nafasi za serikali zitarudi na atakayekuwa karibu atazipata. Mimi nilitoka na somo jingine. Serikali ikisimama kuajiri, husimama kwa muda isioujua hata yenyewe, na muuguzi hawezi kuusimamisha ujana wake ausubiri.

Mwezi mmoja kabla ya ripoti ile lilitokea jambo ambalo washauri wa kusubiri wangepaswa kulikumbuka. Madaktari wa Kenya walikuwa wametoka kwenye mgomo mrefu. Machi 2017 serikali yetu ikakubali kupeleka madaktari 500 wakafanye kazi huko kwa mkataba. Wenzetu wa Kenya walikwenda mahakamani wakalizuia jambo hilo, na safari ikafa. Rais akaagiza kwamba wale 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe mara moja hapa nyumbani. Hebu tulitazame hilo bila haraka. Waliopata ajira ya kudumu kwa agizo lile, mwaka ule wa ukame, walikuwa ni wale walionyoosha mkono kukubali kusafiri kwa mkataba. Waliokataa kuomba kwa sababu mkataba si ajira walibaki walipokuwa. Sisemi itatokea tena hivyo, ila hao wanaodai kwamba mkataba unamfungia mtu mlango wa serikali wana deni la kutueleza wale 258.

Tuna mfano mwingine wa nyumbani, wenye umri wa kutosha kupimwa. Mwaka 2006 ilianzishwa taasisi inayoitwa kwa jina la Mzee Benjamin Mkapa, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuwaajiri wataalamu wa afya kwa mikataba na kuwapeleka wilaya za pembezoni ambako nafasi zilikuwa zimekaa wazi. Vijana walikwenda mahali ambapo ndugu zao waliwalilia kama wanaopelekwa uhamishoni. Wakalipwa, wakapewa masharti yaliyoandikwa, wakafanya kazi iliyoonekana, na wengi wakaja kuingia utumishi wa umma wakiwa na kitu cha kuonyesha. Kwa nini mfano huo hautajwi kwenye vikao vya familia zetu? Nadhani ni kwa sababu hauna cheki namba mwanzoni mwake.

Sasa nije kwenye wito. Muuguzi akianza kuuliza habari za mshahara, nyumba na nauli, kuna mtu atamwambia kwamba uuguzi ni wito, asiwe na tamaa. Maneno haya husemwa zaidi kwa wauguzi wanawake, na husemwa na watu wanaopokea mshahara wao tarehe ikifika. Kila tarehe 12 Mei tunawasha mishumaa na kukariri kiapo. Siku hiyo ni ya kuzaliwa Florence Nightingale. Mwaka 1854 aliondoka London na wanawake 38 kwenda Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, kuwahudumia askari wa vita vya Crimea. Wapo waliokuwa watawa. Wengine walikuwa wauguzi wa hospitali walioajiriwa kwa mshahara, wakasaini masharti yao kabla ya kupanda meli. Safari ile tunayoiadhimisha kwa mishumaa ilikuwa na wauguzi wa mkataba.

Hata hapa Ugogo, nani asiyeijua Mvumi? Hospitali ile ilikuzwa na wamishenari wa Kianglikana wa CMS, na kwa miongo mingi wauguzi wakuu pale walikuwa wanawake waliotoka Australia. Walikuja kwa vipindi, wakawa na likizo ya kurudi kwao, wakawa na watu waliolipa nauli zao na kuwatunza walipougua. Walijifunza Cigogo, wakazalisha bibi zetu, wakafundisha wakunga. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa wana nauli ya kurudi hawana wito. Hatuwezi kumheshimu muuguzi aliyevuka bahari kuja kwetu kwa masharti yaliyoandikwa, kisha tukamwona binti wa Nkuhungu ni mwenye tamaa akidai masharti ya kwenda Kasulu.

Hoja ya umanamba ni nzito zaidi, na sitaipita haraka. Wazee wetu wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, jinsi vijana wa bara walivyoandikishwa kwenda mashamba ya mkonge. Kipande kilihesabu siku 30 za kazi, na siku uliyougua haikuhesabiwa. Aliyeondoka kabla ya muda wake alishtakiwa kama mhalifu. Mtu aliyekulia kwenye simulizi hizo akisikia mwanawe anasaini karatasi ya kwenda kufanya kazi mbali, lazima moyo umshtuke. Lakini tatizo la manamba halikuwa safari. Tatizo lilikuwa kwamba hakuweza kuondoka, hakujua atalipwa nini, na hakuwa na mahali pa kushtaki. Hivyo vitu vitatu ndivyo vya kuvitafuta kwenye karatasi yoyote anayopewa muuguzi leo, na vinatafutika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi yenye mahali alipoajiriwa, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na malipo yake. Wadogo zangu, shikeni hilo la mahali ulipoajiriwa. Watu wengi hupita juu yake kana kwamba ni sehemu ya kujaza tu. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo kinasema kwamba kazi ikikoma ukiwa mahali tofauti na ulikoajiriwa, mwajiri akurudishe pamoja na mizigo yako, au alipie usafiri wako, na akulipe gharama za kujikimu za kila siku kuanzia kazi ilipokoma hadi siku utakayosafirishwa. Kwa hiyo kama umesailiwa na kuchukuliwa ukiwa Dodoma, mkataba useme umeajiriwa Dodoma. Wapo waajiri wanaomwita kijana afike kwanza Kigoma kwa nauli yake, asaini akiwa huko, na karatasi inaandikwa kwamba ameajiriwa Kigoma. Kwa sentensi hiyo moja amepoteza nauli ya kurudi, na mradi ukifungwa ghafla atabaki kule na godoro lake.

Saa nazo zimeandikwa. Kazi ya kawaida ni saa 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha saa ya kawaida, na kazi ya usiku ina nyongeza yake ya asilimia 5. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kinachokatwa kwako hakipaswi kuzidi nusu ya hapo. Ukiambiwa kwamba kwa sababu ni mkataba hakuna NSSF, ujue unaibiwa. Mgogoro ukitokea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na muda wa kufungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30, mashauri mengine ni siku 60. Vijana wengi wanapoteza haki kwa sababu wanarudi nyumbani, wanalia, wanaombewa, wanashauriana na wajomba, na siku ya 31 inawakuta bado wanatafuta nauli ya kwenda Tume. Manamba hakuwa na lolote katika haya. Wewe unayo, na anayekwambia mkataba wako ni umanamba anaifuta kwa mdomo wake sheria uliyopewa na nchi yako.

Nataka pia kusema kazi hizi zinafundisha nini, kwa kuwa washauri wetu huongelea mkataba kama muda unaopotea. Aprili 2015 Warundi walianza kuvuka mpaka kwa maelfu. Mei walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilichobanwa na milima, na kipindupindu kikalipuka. Meli ya Liemba ndiyo iliyowavusha hadi Kigoma mjini. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikafurika, na kambi ya Nduta ikabidi ifunguliwe upya. Mashirika yakaajiri wauguzi wa Kitanzania kwa mikataba ya miezi. Muuguzi aliyepita kwenye kambi ya kipindupindu anajua kupanga vitanda, kupima maji yanayotoka na yanayoingia, kuendesha zamu yenye wagonjwa wengi kuliko mikono, na kuandika takwimu zinazomfikia mtu wa uamuzi jioni ile ile. Hayo hayafundishwi kwa kusukuma machela mjini.

Hatari ipo, na nisingeiheshimu kazi hii kama ningeificha. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera. Waliougua walikuwa 9, waliokufa 6, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Muuguzi anayeitwa kwenda kwenye mlipuko aulize kabla ya kupanda basi: vifaa vya kujikinga vipo vingapi na nani anavijaza vikiisha, nikiugua natibiwa wapi na kwa fedha ya nani, jina langu limeandikishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Michango ya mfuko huo inatoka kwa mwajiri peke yake, hivyo mwajiri anayesitasita kujibu swali hili amekwisha kujibu. Anayejitolea bila barua kwenye wodi ya mjini anakabiliwa na sindano yenye damu ile ile, homa ya ini ile ile, kifua kikuu kile kile, na hayumo kwenye mfuko wowote. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha usalama, ushauri wa kusubiri umeshindwa.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Watu hawa hawa wanaomkataza binti asiende Kibondo kwa mkataba, akija mtu na habari za Riyadh au London hawaulizi swali hata moja. Shamba linauzwa, kiwanja cha urithi kinawekwa rehani, na fedha inapewa wakala ambaye ofisi yake ni namba ya simu. Kibondo, ambako sheria ya nchi inamlinda na lugha anaijua, ni hatari. Ng'ambo, ambako hana ndugu wala mwanasheria, ni baraka. Fikra hii inapima kazi kwa umbali wake na kwa sarafu yake, na inaacha kusoma kilichoandikwa.

Sipingi kwenda nje. Mwenye leseni ana haki ya kwenda kokote. Lakini aende akijua. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya ambako nchi tajiri zimetakiwa zisije kuvuna watu. Orodha ya Machi 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Uingereza imeiingiza orodha hiyo kwenye kanuni zake: mawakala hawaruhusiwi kuja hapa kutafuta wauguzi, ingawa muuguzi mwenyewe anaweza kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri. Maana yake kwa mtu wa Nkuhungu ni nyepesi. Wakala anayekuita hotelini Dodoma akasema anaajiri kwa ajili ya NHS, hospitali za umma za Uingereza, anavunja kanuni za nchi anayodai kuiwakilisha, na akidai fedha ya kukutafutia kazi anavunja nyingine. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya hospitali. Mtihani wa kwanza wa baraza lao la uuguzi, ule wa kompyuta, ni pauni 83. Wa vitendo ni pauni 794. Na kabla ya yote kuna Kiingereza. Mwaka 2021 Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi, na waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Ndugu zetu wa Kenya wanasoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Anayekwambia lugha utaijulia huko huko hakutakii mema.

Ghuba nako kuna maswali yake. Mwajiri ndiye mdhamini wako wa ukaazi, kwa hiyo ukigombana naye unagombana na aliyeshika karatasi zako za kuishi nchini. Hospitali za Saudi Arabia huhakiki vyeti vyako chuoni na kwenye Baraza, zina mtihani, na kwa kawaida zinataka uzoefu wa kazi ya kweli wa miaka miwili. Uzoefu huo ataupata wapi kijana ambaye tumemkataza mikataba ya nyumbani? Na hata Marekani, ambako kazi ya muuguzi wa kusafiri ni soko kamili lenye mikataba ya kawaida ya wiki 13, wauguzi wa Afrika Mashariki walioko huko hawaendi kwa kuvutwa na jina la mji. Kabla ya kusaini wanauliza: saa ngapi za wiki zimehakikishwa, mkataba ukikatishwa nalipwa nini, nyumba ni ya nani, nikiondoka mapema nadaiwa kiasi gani?

Swali la mwisho hapo limewahi kufika mahakamani. Muuguzi wa Kifilipino na wenzake waliopelekwa New York walisaini karatasi iliyosema kwamba wakiacha kazi kabla ya muda watalipa dola 25,000. Walishtaki. Mwaka 2019 jaji wa shirikisho akaamua kwamba fedha hiyo ilikuwa adhabu ya kuwafunga watu kazini, na kwamba waajiri wale walikuwa wamevunja sheria dhidi ya biashara ya usafirishaji wa binadamu. Huo ndio umanamba wa kuuogopa, nao umeandikwa kwa Kiingereza safi na kupigwa mhuri. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kukaa kwenye mkataba wa New York, wa Riyadh, na hata wa Dar es Salaam. Njia ya kukiona ni kusoma.

Imebaki hoja ya familia, ambayo huletwa mwisho lakini ndiyo inayowazuia wengi. Binti ana mtoto mdogo. Au ana mchumba ambaye wazazi wake hawataki mke anayelala mbali. Kwa mwenye mtoto mchanga siwezi kumlazimisha, aamue mwenyewe, ila amuulize mwajiri kuhusu nyumba kabla ya kukataa, kwa sababu nyumba ya watumishi yenye maji inaweza kumweka na mtoto na dada wa kumsaidia. Kuhusu wakwe, nasema hivi: kaka zake walikwenda Mererani wakachimba, wakaenda Mbarali kwenye mpunga, wakaendesha malori hadi Lubumbashi, na hakuna kikao kilichoitishwa. Mwanamke mwenye leseni ya taifa anataka kwenda miezi sita Kakonko, ukoo mzima unakaa. Wanaokaa kikao hicho wamwambie basi nani atamlipia kodi ya chumba cha Nkuhungu kwa hiyo miezi sita, na wamwandikie.

Nina neno pia kwa wakuu wa hospitali na vituo vya afya vya jiji hili vinavyoendeshwa kwa migongo ya wanaojitolea. Mpeni kila mmoja barua yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, jina la msimamizi, na wodi aliyopangiwa. Kama mapato ya ndani yanaruhusu kumlipa, mwajirini kwa mkataba wa mapato ya ndani kama halmashauri nyingine zinavyofanya. Kama hayaruhusu, mwambieni ukweli siku ya kwanza, ili nafasi ya Kibondo ikitangazwa wiki ijayo aombe bila kuhisi kwamba anaiacha ajira.

Na wewe unayefikiria kuomba, kabla hujasaini fanya hivi. Hakikisha leseni yako haitaisha katikati ya mkataba, kwa sababu kuihuisha ukiwa porini bila mtandao na bila alama za mafunzo endelevu ni mateso. Piga simu kwa muuguzi aliyewahi kufanya kazi kwa mwajiri huyo, na kama mwajiri hawezi kukutajia hata mmoja, jiulize walikwenda wapi. Uliza mshahara unalipwa tarehe ngapi na mradi unafadhiliwa hadi lini, maana mkataba wa mwaka mmoja kwenye mradi uliobakiza miezi minne ya fedha ni mkataba wa miezi minne. Ukishasaini, omba nakala yenye sahihi za pande zote mbili, ipige picha, mtumie mtu mmoja nyumbani unayemwamini. Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi, fungua ukurasa wenye mahali ulipoajiriwa, na kama ulichukuliwa ukiwa Dodoma nao wameandika mji mwingine, kata, andika Dodoma, mwombe mwajiri aweke sahihi pembeni.